Masikio ya Panya wa Safu ya Tatu

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza panya wa maabara, na kazini walimwita Mizani, maana hakuamini kitu ambacho hakijapimwa. Kila asubuhi aliwapima panya mmoja mmoja, akabadilisha maranda ya mbao vizimbani, akawatoboa mkia kupata tone la damu la kupimia sukari. Shule hakwenda mbali, lakini wanyama wale aliwajua kama mama anavyowajua mapacha wake.

Mwaka ule mkemia wa maabara, mwanamume mpole aliyekuwa na kisukari yeye mwenyewe, aliunda dawa ya kukizuia kimeng'enya kinachovunja wanga tumboni kuwa sukari. Nyingi alizojaribu kabla yake ziliambulia patupu. Hii ilishika. Panya wagonjwa walikula wakashiba, na sukari isipande. Mkemia akawa anapita akipiga mluzi, wenzake wakamtania kwamba hata upara umeanza kuota nywele.

Wiki ya tano Mizani aliona jambo. Panya wa safu ya tatu, waliopewa dozi kubwa, masikio yao yalikuwa na umanjano hafifu, kama karatasi iliyoachwa juani. Mkojo wao ulitia maranda rangi ya chai. Akamwita mkemia. Mkemia akainama, akatazama, akasema ni taa za humo ndani. Kesho yake balbu zikabadilishwa. Masikio yakabaki vilevile.

Mizani akanyamaza siku sita. Nani amsikilize mfagia vizimba?

Siku ya saba aliipima chupa ya dawa. Unga ulikuwa umepungua zaidi ya kiasi walichopewa panya. Akapima tena, na tena. Ufunguo wa kabati lile walikuwa nao wawili tu, yeye na mkemia.

Alimkuta mkemia dirishani akisaini fomu. Mwanga wa mchana ulimpiga usoni, na weupe wa macho yake haukuwa weupe tena.

"Daktari, unaimeza tangu lini?"

Mkemia alifunika kalamu yake taratibu. "Wiki ya nne hii, dada. Sukari yangu iko kama ya kijana. Usiniharibie."

"Panya wawili wamekufa leo. Nimewapasua, maini yao yameharibika."

Akamsihi angoje hadi Ijumaa, wafadhili waje kwanza. Mizani hakungoja. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa maabara, akaliweka daftari lake la vipimo mezani, likiwa wazi.

Mkemia alilazwa jioni ileile. Mkuu alipomuuliza kama kuna mwingine aliyeitumia, aligeukia ukutani. Kisha akasema alimpelekea mama yake unga wa mwezi mzima. Kisukari kilikuwa kimemchosha bibi wa watu, naye alitaka kumpa nafuu kabla ya wengine.

Gari lilitumwa. Lilimkuta mama hajitambui tena.

Alizikwa mwanawe akiwa bado wodini. Mizani alisimama nyuma ya waombolezaji, mikono kaifumbata. Binti wa marehemu akamsogelea, akamuuliza kwa upole alimjuaje mama.

"Nafanya kazi na kaka yako," alisema.

Alitaka kuongeza neno juu ya zile siku sita. Binti alisubiri kidogo, kisha akaitwa na shangazi zake, akaenda.