I ya Imezimwa

Kompyuta ya mezani iliyokaa muda bila kuwashwa hutoa harufu ya vumbi linaloungua. Nikiinusa tu, namwona mjomba Sudi, na mdomo unanikunjika wenyewe. Mniwie radhi, wapo wanaowakumbuka wajomba zao kwa machozi.

Mama alikuwa na kibanda cha kuchapa pale Kanyenye, Tabora. Alichapa kadi za harusi, mitihani ya shule, na barua za watu wasiojua wanataka kusema nini. Baba alikwisha kufariki, na kompyuta ile ndiyo iliyotulisha. Mama aliifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, chenye maua ya njano, na sisi watoto tulikatazwa hata kupiga chafya karibu yake.

Asubuhi moja ikagoma. Mama alibonyeza kitufe cha mbele, kimya. Alibadilisha waya, akajaribu soketi nyingine, kimya. Kesho yake padri mmoja wa upande wa Kipalapala alikuwa anakuja kuchukua ratiba za misa ya upadrisho, na zote zilikuwa humo ndani. Mama aliketi, akashika tama.

Hata hatujamtuma mtu, mjomba Sudi akatokea na kamba ya katani begani. Huyu alikuwa kaka yake mama, aliyekaa Dar es Salaam msimu mmoja akarudi anataka aitwe injinia. Nikamwamkia. "Marahaba," alisema bila kunitazama, akafunua kile kitambaa kama daktari anayefunua maiti. Aligonga bati, akatega sikio, akanusa. Wanaume wa baraza la jirani, ambao kazi yao ilikuwa kujua kila kitu, wakajaa mlangoni.

"Imekufa hii, mdogo wangu. Niifunge niipeleke Igunga, nina rafiki yangu fundi kule. Basi la mchana nitaliwahi."

"Na hiki kitufe chekundu cha nyuma?" mama aliuliza.

Mjomba alicheka puani. "Hiki kina alama mbili. O ni oni, yaani imewaka. I ni imezimwa. Si unaona iko kwenye O? Moto unaingia, ila haina roho tena."

"Ahaa!" wakaitikia wale wanaume. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza Kiingereza na Kiswahili vimeoana lini kwenye kitufe kimoja. Mimi pia niliamini, lakini mimi nilikuwa darasa la pili; wao walikuwa na ndevu.

Mjomba akaanza kukunjua kamba. Mama akasimama. "Basi kaka, ngoja niizime kabisa, isije ikasafiri inawaka."

Akapeleka mkono nyuma, akabonyeza kwenye I ya imezimwa. Kompyuta ikanguruma. Feni ikazunguka, kioo kikaangaza, na ile harufu ya vumbi ikatujaa puani.

"Si nimeigonga?" alisema mjomba. "Ilikuwa inasubiri ipoe tu." Na wale wanaume wakampongeza! Alikaa akanywa chai yetu, akamaliza chapati zetu, akaondoka bila kamba yake.

Kwa miaka mingi nilimdharau mjomba kwa ujinga wake. Kumbe nilikuwa namwonea. Ujinga ule alijivika tu. Ilinijia nikiwa mtu mzima, siku moja nafunga mzigo wa safari. Anayekuja kutazama kompyuta huja na bisibisi. Yeye alikuja na kamba, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba imeharibika. Tena jioni iliyotangulia ni yeye aliyebaki kibandani kupangusa vumbi, mama alipokwenda kuswali. Sasa namdharau kwa haki.

Mama, naamini, alijua palepale. Aliichukua ile kamba akaifunga uani, kutoka nguzo ya jiko hadi ukuta wa bafu, tukawa tunaanikia nguo. Aliifunga chini kidogo. Kila Ijumaa mjomba alipokuja kula wali, ilimbidi ainame kupita chini ya kamba yake mwenyewe, na mama alimwambia kwa upole, "Karibu, injinia."