Kikombe Kilichogeuka Uji

Siku hiyo nilikuwa nimetoka kuwaeleza wanafunzi wangu, kwa madaha, jinsi asetoni inavyoyeyusha plastiki. Jioni, nyumbani, mtaa wa Berea, nikajigandisha vidole viwili kwa gundi kali. Jirani yangu, mama Mkongomani mwenye saluni, akanipa asetoni ya kufutia rangi ya kucha. Nikaimimina kwenye kikombe cheupe chepesi cha kahawa, kile cha plastiki ya povu, nikatumbukiza vidole. Kikombe kikalegea, kikawa uji, na asetoni ikamwagika juu ya meza yake ya saluni, ikala vanishi.

"Eish, Prof, kule chuo unafundishaka nini?"

"Kemia," nikajibu kwa sauti ndogo.

Akacheka mpaka akakaa chini. Vidole viliachana. Jumamosi nilishinda saluni nikiipiga meza msasa, wateja wakinitazama.