Punjo Mfumaji na Kisima cha Vadlipar

Punjo alikuwa mfumaji wa Vadlipar, na mgeni wa kijiji kile alimsikia kabla ya kumwona, maana kitanda chake cha kufumia kiligonga tangu alfajiri. Alifuma akiwa amekaa ndani ya shimo, miguu chini, kifua sawa na ardhi, hata mpita njia akaona kichwa tu kikitikisika. Mimi nilizoea kukisalimu kile kichwa. Kila mwaka baada ya mavuno miguu yangu ilinifikisha Vadlipar na zeze langu la uzi mmoja, nikawaimbia watu nyimbo za Mungu, nao wakanipa mkate wa uwele. Mzururaji haulizwi ukoo. Nilikula juu kwa akina Patel wenye mashamba, nikala na chini kwa wafumaji, watu ambao wale wa juu hawakuwagusa wala hawakugusa walichokigusa.

Jethi, mke wa Punjo, alikuwa na ulimi.

"Bawa, tumbo lako halina dini," aliniambia, kwa jina tunaloitwa sisi waimbaji wa Mungu. "Asubuhi unakunywa maji matamu ya huko juu, jioni unakunywa matope yetu. Siku moja yatapigana humo ndani."

"Yakipigana nitayaimbia, mama."

"Yaimbie yale matamu yateremke yaje huku. Hapo nitakuita mtakatifu."

Alisema kweli kuhusu matope. Wafumaji waliteka maji kwenye shimo walilochimba katika mchanga wa mto. Mto wenyewe ulikuwa na maji siku za mvua tu. Wakitaka maji safi walipanda hadi karibu na kisima cha kijiji, wakasimama mbali na mitungi yao, wakingoja mwanamke wa juu mwenye huruma awamiminie. Asipotokea, walirudi na mitungi mitupu.

Sasa nieleze habari ya jela, maana yote yalianzia huko.

Zama za Waingereza, watu wa pwani yetu walipokwenda kujipikia chumvi bila kulipa kodi, wawili walitoka Vadlipar. Mmoja alikuwa Jatashankar, Brahmini, yaani mtu wa ukoo wa makuhani ulio juu kuliko zote, mwalimu wa kijiji, mtu wa maneno mazuri. Wa pili alikuwa Punjo. Walipigwa virungu hata masikio yakavimba, na hakuna aliyeinua mkono, kwa sababu waliapa kutomdhuru mtu hata adui. Wakafungwa jela moja. Huko Jatashankar akashikwa na tumbo la damu. Walinzi walimwacha alivyolala. Ni Punjo aliyemsafisha, akamfulia, akamshika shingo kama mtoto na kumnywesha maji kutoka katika mtungi wake mwenyewe. Brahmini akanywa maji ya mfumaji, akapona.

Punjo alinisimulia hayo mara moja tu, na aliposimulia alisimamisha kitanda.

"Alinishika mkono, Bawa. Akaniambia, 'Punjo, silaha yetu ni mwili wetu wenyewe. Lakini usifunge kula mlangoni kwa asiyekupenda, utakufa bure. Funga kwa anayekupenda. Yeye ataumia kabla yako.'"

Neno hilo alilitunza kama wengine wanavyotunza jina la Mungu, wakilitaja kila wanapoamka.

Uhuru ukaja. Bendera mpya ikapandishwa mbele ya shule, na Jatashankar, ambaye sasa alikuwa mkuu wa baraza la kijiji, akasema kile kisima cha zamani kinakauka, tuchimbe kipya kwa mikono yetu, kisima cha watu wote. Watu walilia kwa furaha. Akina Patel walichimba udongo wa juu, ulio laini, huku wakiimba. Walipofika kwenye mwamba viganja vikatoka malengelenge, nyimbo zikaisha, wakawakumbuka wafumaji. Basi wafumaji ndio walioteremka. Maji yalipobubujika, Punjo ndiye aliyekuwa chini, nayo yakamlowesha miguu. Walimvuta juu kwa kamba, tope hadi kwenye nyusi, akicheka kama bwana harusi.

Kesho yake akaja kuhani na maziwa na maombi, akakitakasa kisima. Natha Patel, mwenye mashamba makubwa kupita wote, akaweka matawi ya miiba upande wa njia ya kutoka chini.

"Ninyi ngojeni hapohapo kama zamani," alisema. "Mtamiminiwa."

Punjo akamtazama Jatashankar. Jatashankar akatazama miiba.

"Polepole, ndugu yangu," akasema. "Moyo wa mtu haugeuzwi kwa siku moja."

Punjo akangoja. Mvua zikaja na kupita, akawa bado anangoja. Na kila mwaka alimfumia Jatashankar nguo mpya nyeupe ya kujifunga, ya uzi uliosokotwa kwa mkono, kwa sababu Jatashankar tangu jela hakuvaa nyingine.

Halafu ukaja mwaka ambao mvua haikunyesha kabisa. Shimo la mtoni likatoa maji ya chumvi, kisha likatoa mchanga. Wanawake wa chini walisimama penye miiba tangu jua linapochomoza, na wanawake wa juu wakateka, wakajitwika, wakaenda zao. Hata wale wenye huruma walisema kisima kimepungua. Watoto wa wafumaji wakaanza kuharisha. Mjukuu wa Punjo, Rai, midomo yake ilipasuka kama tope lililokauka.

"Nitakwenda kukaa mlangoni kwa Maharaji," Punjo alimwambia mkewe. Ndivyo sisi tunavyowaita Brahmini, Maharaji.

"Ukale nini huko?"

"Nisile. Mpaka miiba iondolewe."

"Baba Vashram," Jethi alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza kama alivyozoea, "wewe na njaa mmelala kitanda kimoja tangu utoto. Nani atashtuka akikuona nayo?"

"Yeye atashtuka. Alikunywa maji yangu."

"Basi simama uwanjani uwaambie hivyo watu wote! Waambie Maharaji wao alikunywa kwenye mtungi wetu. Utaona hiyo miiba itakavyoruka."

Punjo akatikisa kichwa. "Nikilisema ili kumwaibisha, litakuwa rungu. Tuliapa kutoshika rungu."

"Wenye marungu ndio wenye maji," alisema Jethi.

Punjo akaenda. Akakaa chini nje ya mlango wa Jatashankar, hatua chache kutoka kivulini, maana kivuli kile pia hakikuwa chake. Nami nilikuwa kijijini, nikaona.

Jatashankar alitoka, akamtambua, uso ukamshuka. Sisi tuna desturi ya kale kuliko Waingereza: mtu akikaa na njaa mlangoni pako kwa kukudai haki, na wewe usile. Ukila, jina lako limeoza.

"Punjo, kwa nini kwangu?" aliuliza. "Miiba kaweka Natha."

"Natha hanipendi, Maharaji. Ulinifundisha mwenyewe."

Jatashankar akageukia njia. Kisha akasema kwa sauti ya kusikiwa na jirani, "Vema. Nami sitakula. Nitafunga kwa ajili ya amani ya kijiji chetu, mpaka ndugu yangu huyu atulize moyo wake."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mmoja alifunga ili apate maji, mwingine akafunga ili huyo aache kuyataka.

Punjo alikuwa mwembamba na mkavu, njaa haikupata mahali pa kumshika. Jatashankar alikuwa mnene na mzee. Haukupita muda akawa amelala kitandani barazani, macho yamezama. Wanawake wakakusanyika kumwimbia nyimbo za ibada, wakampepea, wakamlowesha miguu kwa maji. Maji ya kisima kile. Punjo aliyatazama yakitiririka barazani hadi mavumbini, karibu na goti lake.

Natha Patel alipita kila asubuhi.

"Wee mfumaji, bado hujafa?"

"Bado, bwana Natha."

"Basi Maharaji atatangulia. Unajua kumuua Brahmini ni dhambi gani? Utazaliwa funza, ufe, uzaliwe funza tena."

"Funza hunywa popote, bwana," alisema Punjo kwa upole.

Watu wakacheka, halafu wakakumbuka kwamba hawakupaswa kucheka.

Lakini upepo ulikuwa umegeuka. Wafumaji waliokwenda kulima vibarua walirudishwa njiani. Duka likawafungia chumvi. Mwishowe wazee wa chini wakaja, wakachuchumaa mbele ya Punjo.

"Kaka, inuka," alisema mmoja, Velo, aliyechimba naye mwamba bega kwa bega. "Wanasema Maharaji akikata roho, watatuchomea nyumba. Tunao watoto."

"Nami ninaye," alisema Punjo. "Ngoja kidogo, Velo. Atanyanyuka. Namjua mtu huyu."

Hapo ndipo Jethi alipokuja. Alimbeba Rai begani, kichwa cha mtoto kikining'inia. Akapita watu wote mpaka chini ya baraza, mahali ambapo mguu wa mwanamke wa chini haukuwahi kukanyaga, na watu wakarudi nyuma wasimguse.

"Maharaji!" aliita. "Mume wangu ana aibu, mimi sina. Sema mbele ya watu. Kule jela ulikunywa maji ya nani?"

Wimbo ukakatika. Punjo akainua mkono. "Mama Vashram, acha."

"Siachi. Maharaji, wewe husemi uongo, kila mtu anajua. Ulikunywa maji ya nani?"

Jatashankar akajiinua kwa kiwiko. Nampa haki yake: hakusema uongo. Laiti angesema.

"Nilikunywa maji ya Punjo," alijibu. "Nilikuwa mgonjwa, na jela ni jela. Nilipotoka, kabla ya kuingia nyumbani kwangu, nilioga mtoni na kunywa vile vitu vitano vya ng'ombe. Kuhani alinitakasa. Mke wangu ni shahidi."

Watu wakashusha pumzi kwa furaha.

"Maziwa na mkojo na kinyesi," alisema Jethi polepole. "Ulikunywa kinyesi cha ng'ombe ili kuyaondoa maji ya mume wangu."

"Ni sheria ya dini, mama. Si chuki. Nampenda Punjo kama ndugu."

Nilikuwa namtazama Punjo wakati huo. Hakukunja uso, hakulia. Alifanya kama mfumaji anayegundua kwamba uzi ulikatika mwanzoni kabisa mwa nguo, naye kaendelea kufuma asijue. Miaka yote ile alibeba ule mtungi wa jela kifuani kama agano. Na Jatashankar alikuwa ameshauosha siku ya kwanza ya kurudi, hata kabla hajafungua mlango wake.

Punjo akaweka mikono chini, akasimama. Ilimchukua muda.

"Nimemaliza, Maharaji," akasema. "Kale chakula chako."

Kelele zikapasuka. Watu walikumbatiana. Natha Patel akalia machozi, na naamini yalikuwa ya kweli. Jatashankar akashikwa huku na huku, akaletwa ukingoni mwa baraza na chombo cha shaba chenye maji ya kisima, ili mwenzake avunje mfungo kwa mkono wake, kama inavyopasa. Akainama. Akamimina kutoka juu, mbali, chombo kisikaribie mkono, kama walivyomiminiwa wafumaji siku zote.

Punjo hakukinga viganja. Aliviunganisha kifuani, kama tunavyosalimiana na kuagana, akainamisha kichwa. Maji yakampiga vidoleni, yakaanguka.

"Tazameni anavyoshukuru!" walisema watu. "Ushindi kwa Maharaji!"

Rai alizikwa mchangani juma lile lile. Miiba haikuondolewa. Na habari ikaenda mjini kwamba huko Vadlipar yupo Brahmini mtakatifu aliyekaribia kufa njaa kwa kuwapenda wanyonge. Wakubwa wakaja na gari, wakamvisha mashada ya maua. Nimewahi kupita vijiji vya mbali nikasikia kisa hicho kikisimuliwa watoto shuleni, na mfumaji hatajwi jina. Nilijaribu kukisahihisha mara moja. Mwalimu alinipa sarafu ili niende.

Punjo aliendelea kufuma. Hata nguo ya Jatashankar aliifuma kila mwaka, na Jethi alipomuuliza kwa nini, alisema nguo haina kosa. Ila hakuzungumza tena habari za jela, na nilipoimba nyimbo za upendo wa Mungu aliniomba niimbe nyingine.

Miaka ilipita, Jatashankar akafa kwa uzee, kitandani kwake, akiwa ameshiba. Aliagiza afunikwe kwa ile nguo nyeupe ya Punjo. Akapelekwa kuchomwa kwa heshima kubwa, na penye kuni wakaivua sanda wakaitupa upande wa wafumaji, maana kwetu sanda za watu wa juu ni haki ya watu wa chini. Velo akaiokota, akamletea aliyeifuma.

Niliporudi mwaka ule nilimkuta Jethi kwenye shimo la mtoni. Ameikunja nguo nyeupe, ameifunga kwenye mdomo wa mtungi, anamimina maji ya tope juu yake kwa kopo, kidogo kidogo, tope linabaki juu.

"Karibu, Bawa," alisema. "Unamtambua?"

Nilitambua pindo.

"Tulimwomba atupe maji akiwa hai, akakataa kwa upendo mwingi. Sasa haya, kaja mwenyewe, anatuchujia asubuhi na jioni, wala hachoki."

Akanijazia kopo, nikanywa. Nyumbani kitanda cha kufumia kilikuwa kikigonga, na kichwa cha Punjo kikitikisika juu ya shimo, sasa cheupe chote. Nilichuchumaa karibu yake, nikamwambia tu kwamba maji yalikuwa safi.

Akasimamisha kitanda.

"Niliifuma vizuri, Bawa," alisema. "Nyuzi zimekaribiana. Tope halipenyi."

Akashika tena kazi yake.