Mama Anataka Kuviona, na Mie Nimeviua

Admin, nifichie jina, na ninapofanyia kazi usipataje. Nina miaka thelathini na mbili, sijaolewa, naishi Mtoni na mama yangu. Ni fundi wa maabara ya utafiti. Sie tunaotesha viutumbo: tunachukua kinyama kidogo sana kutoka kwenye utumbo wa mgonjwa, tunatoa chembe hai, tunazilaza kwenye jeli maalumu. Baada ya siku kadhaa zinajijenga zenyewe, zinakuwa viputo vidogo vinavyofanya kazi kama utumbo wenyewe, tunavijaribia dawa. Jeli ndiyo inayovishika. Ikiharibika, vinakufa.

Mdogo wangu wa pekee, nimwite Mwana, aliteseka na vidonda vya utumbo miaka sita. Siku anapimwa kwa ule mpira wenye kamera, aliulizwa kama atakubali kutoa kinyama kwa utafiti. Alikuwaga mtu wa masihara hata akiwa na maumivu. Akanigeukia, "Dada, hawa si ndo mabosi zako? Wachukue. Wakinishindwa mie, watajulia kwa mwingine." Akasaini. Haukupita muda akafanyiwa operesheni, hakuamka. Miaka ishirini na sita, hajaacha mtoto.

Mkuu wangu wa kazi aliniita akaniuliza, "Sampuli ya mdogo wako nimpe mwenzako aitunze?" Nikakataa. Nikasema nitaitunza mwenyewe. Natamani ningekubali.

Mama alikuwa hali tangu msiba, chai tu. Nikaona nimwonyeshe kwenye simu picha niliyopiga kupitia hadubini. Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Hivi vinaishi?"

"Vinaishi, mama."

"Ni vyake mwenyewe? Vya Mwana?"

"Ni vyake."

Alilia sana, halafu akaomba wali. Tangu siku ile, nikirudi kazini, hata viatu sijavua, ananiuliza, "Wajukuu zangu hawajambo?"

Sasa kosa langu. Jeli tuliyozoea inaagizwa nje na ilikuwa inaishia, tukaletewa nyingine ya bei nafuu tuijaribu. Maagizo yalikuwa wazi: kwanza gandisha akiba ya chembe, kisha nusu weka kwenye jeli ya zamani, nusu kwenye mpya. Siku ya kuvihamisha, ambayo haiahirishiki, ikaangukia arobaini ya Mwana. Mama anapiga simu, "Uko wapi, mwanangu? Mashehe wameshafika." Nikafungua friza, jeli ya zamani imeganda kama jiwe. Nilisahau kuitoa jana yake iyeyuke taratibu kwenye barafu. Nikajiambia akiba nitagandisha kesho. Nikaviweka vyote kwenye jeli mpya, nikakimbilia kwenye hitma.

Asubuhi nakuta jeli imelegea, imekuwa maji. Viputo vimepasuka, vimekuwa vyeusi. Nikakusanya nilichoweza, nikavirudisha kwenye jeli ya zamani, nikakaa navyo siku tatu. Hakikupona hata kimoja. Akiba hakuna, na kile kinyama cha mwanzo kilishatumika chote.

Mkuu nilimwambia ukweli. Aliandika kwenye daftari la maabara, akanishika bega, akaniambia niende nyumbani nikapumzike. Afadhali angenifokea.

Nikafika nyumbani. Mama yuko uani anachambua mchicha. "Wajukuu zangu hawajambo?" Mdomo wangu ukajibu wenyewe, "Hawajambo, mama." Huu mwezi wa pili najibu hivyo hivyo.

Juzi ofisi imepiga simu kwa familia za wote waliotoa sampuli. Jumanne wanakaribishwa kuja kuona kazi yetu. Nimerudi namkuta mama anapiga pasi baibui lake jipya, anaimba kaswida kwa sauti ya chini. Sijamsikia akiimba tangu tumzike Mwana. "Nitavisomea dua palepale," ananiambia.

Mwenzangu wa kazini, braza tunayeheshimiana, kanishauri, "Sista, mwonyeshe vya mgonjwa mwingine. Kwenye hadubini vyote sawa tu, mama atajulia wapi?" Ni kweli, hatajua. Ila mie nitasimama pale namtazama mama yangu anamwombea mwanawe kwenye chembe za mtu tusiyemjua, na nitaishi na hilo. Nikimwambia ukweli nako naogopa. Mama ana presha, na siku ya msiba alianguka, tukamkimbiza hospitali. Halafu ataniuliza nani aliviua. Nitasema nini, kwamba nilikuwa nawahi arobaini?

Leo asubuhi kaniuliza kama inaruhusiwa kuvigusa. Nikamwambia haviguswi, mama. Kasema, "Basi, nitaviangalia tu."

Nyie mliowahi kuzika, na nyie mlio na mama: nimwambie kabla ya Jumanne, au nimwache aone vya mgonjwa mwingine? Matusi nimeshajitukana mwenyewe ya kutosha. Naombeni neno tu.