Usifute Kwanza

Mkunga wa wodi yetu haamini maneno ya mtu kuhusu maji. Chupa ya uzazi ikimpasukia mama, na mama kwa haya akainama kufuta sakafu kwa shuka, utasikia kandambili zikija. "Usifute kwanza! Ukifuta, mimi nitaangalia nini?" Huchutama kwa taabu, maana yeye mwenyewe ni mjamzito na siku zake zimekaribia, akanusa, akatazama rangi. Yakiwa meupe, husema "Haya," kama mtu aliyeonja chai. Yakiwa na ukijani, mtoto amejisaidia humo ndani. Hapo anasukuma kitanda mbio kwa daktari. Uchungu ukizidi, mkono wake hampi mtu aushike. "Shika chuma cha kitanda, mwanangu. Huu nina kazi nao."

Jana alikuwa ananisikilizia mapigo ya mtoto, mara akajishika kiuno. Maji yalimchuruzika miguuni, yakatanda chini ya kitanda changu. Akatupa jicho mlangoni, akavuta shuka langu, akaanza kufuta harakaharaka kama mgeni aliyemwaga mchuzi ukumbini kwa watu.

"Sista," nikamwambia, "usifute kwanza."

Akaacha. Alitaka kuchutama, uchungu ukamkatalia. Nikashuka kitandani na tumbo langu, nikainama mimi.

"Yana rangi gani?" Sauti ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia.

"Meupe, sista."

"Haya," akasema. Chuma cha kitanda kilikuwa karibu naye zaidi, lakini alishika mkono wangu.