Chupa ya Baba ya Kukagulia Tuta

Kazi ya baba kwenye bwawa la umeme ilikuwa kutembea. Mto pale umezuiwa na tuta la udongo na mawe, na kila asubuhi alishuka chini yake, upande mkavu, akakinga kwenye chupa ya kioo maji yanayojipenyeza. Anainyanyua juani. Maji yakiwa safi, anaendelea na safari. Yakiwa na udongo, maana yake tuta linaliwa na maji kwa ndani, inabidi apige simu. Hakuwahi kupiga.

Nyumbani Bigwa alikagua hivyo hivyo hata chai ya rangi.

"Kunywa, mume wangu," mama alimwambia. "Hiyo ni chai, haibomoki."

Siku ya tatu baada ya kumzika baba, akaja mtani wetu, mzee wa Kizigua anayeuza ndizi Mkuyuni. Kwetu mtani ana ruhusa ya kufanya mzaha msibani na kuondoka na kitu cha marehemu, na humkasirikii. Akavaa mabuti ya baba, akaomba maji ya kunywa, akayamimina kwenye ile chupa. Akainyanyua, jicho moja kafumba.

"Yana udongo haya. Nani ana simu? Waluguru, pandeni mlimani, tuta linakuja."

Shangazi zangu walicheka hadi kanga zikawadondoka. Mimi sikucheka. Chupa ile niliitaka tangu siku ya maziko, na sikuwa nimemwambia mtu.

"Hii nakwenda kuwekea mafuta ya taa," akasema.

"Mtani, chukua mabuti. Chupa niachie."

"Mabuti yananibana. Basi ilipie kwa maneno. Niambie jambo moja la huyu bwana mkubwa wa maji ambalo hatulijui."

Watu walisubiri sifa. Sifa ninazo, lakini zile walikuwa wanazijua.

"Alikuwa hajui kuogelea," nikasema. "Akipita juu ya tuta, alitazama upande wa nyasi, asiyaone maji."

Kisha mama, ambaye tangu msiba hakuwa amesema neno, akasikika kutoka mlangoni: "Kweli. Hata kuoga alitumia kata. Karai lilimtisha." Akaanza kucheka, akamalizia kulia.

Mtani akayanywa maji yote, akanipa chupa.

Sasa iko kwangu. Masika maji ya bomba huja mekundu kidogo. Nayakinga, nayanyanyua dirishani, nauangalia udongo ukituama. Sina namba ya kupiga.