Mstari wa Kimo Juu ya Kiembe Samaki

Kaka yangu alikuwa rubani wa ndege ya mizigo, na utoto haukumtoka. Kila akiruka kutoka uwanjani, akifika juu ya nyumba yetu Kiembe Samaki huishusha ndege kidogo, mabati yakatetemeka, mama akatoka uani kupunga kanga. "Mwanangu huyo, ananiamkia!" Jirani wote lazima wasikie.

Siku ndege ilipoanguka baharini, upande wa Fumba, mama alikuwa harusini Mpendae. Hakuona kitu. Watu nao hawakungoja hata hitima: ati alishuka kumwamkia mama yake, ndege ikamshinda. Midomo yao hiyo! Mama akayaamini maneno yao. Chakula hali, akitazamwa hujifunika uso. "Mimi ndiye nliyemuua," ananambia.

Wachunguzi wakaja kutafuta kisanduku kinachoandika mwendo wa ndege. Kumbe watu wa Fumba walikwisha kukiokota maji yalipokupwa. Walikiona kizito, hakifunguki, wakadhani kina kiungo cha maiti. Basi wakakivika sanda, wakakizika pamoja na mabaki ya kaka. Nilicheka huku machozi yanantoka. Kikafukuliwa kwa dua.

Baada ya miezi, mchunguzi mmoja, mtu wa bara, alikuja nyumbani na picha kubwa ya yaliyokuwamo kisandukuni. Subhanallah! Ndani mlikuwa na utepe wa madini, mwembamba kama ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na sindano zilizokuwa zikiukwaruza ndege ikienda: moja kimo, moja kasi, nyingine mtikisiko. Bahari haikuufuta, wala kaburi. Nikapitisha kidole juu ya mstari wa kimo. Hapa anaruka. Hapa anapanda. Mkono wa kaka yangu ulikuwa bado unaiendesha ile ndege, na mimi naufuata.

"Shikamoo, mama," mchunguzi alisema.

"Marahaba."

"Hapa ndipo juu ya nyumba yako. Tazama mstari, unapanda tu. Hakushuka hata kidogo. Huku mbele ndiko mstari ulikoruka ghafla. Chuma cha mkiani mwa ndege kilikatika. Tumekitoa baharini, tumekiona. Si kosa lake, wala si lako."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Mama akaivuta ile picha, akaitazama muda mrefu pale mstari ulipopita juu ya nyumba yetu.

"Kumbe siku ile hakuniamkia," akasema, na hapo ndipo alipolia.